Saini za Jumatatu

Kila Jumatatu, saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, daftari la mapumziko huwekwa juu ya meza ndogo mlangoni mwa kiwanda cha mashati, na wanawake arobaini hupanga foleni kulitia saini. Kalamu ni moja, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza isije ikaota miguu. Kila mwanamke husaini mara ishirini na nne: mapumziko ya chai, ya chakula, ya alasiri, kisha saa ya kutoka kazini, kwa siku sita. Husaini wiki nzima kwa mpigo, kwa sababu msimamizi aligundua zamani kwamba kusaini kila siku kunakula muda wa kazi.

Kwa mujibu wa daftari, chai ilikuwa saa tatu, robo saa. Chakula saa sita, saa nzima. Alasiri robo saa nyingine, na saa kumi kamili kila mtu alitoka. Kwa mujibu wa miguu yao, walikaa kwenye cherehani tangu saa moja asubuhi hadi saa moja na nusu jioni, na chakula walikila mapajani kwa dakika saba, fundi akizitia mashine mafuta. Hakuna aliyeona ajabu. Ni daftari tu, walisema, na daftari halina mdomo.

Kiwandani watu waliitwa kwa kipande cha shati walichoshona. Kulikuwa na Mama Mikono, Mama Mfuko, Mama Pindo. Mama Kola alikuwa na miaka thelathini na mmoja, binti wa miaka saba, mama mzazi wa kumwangalia binti huyo, na kola mia nne za kushona kwa siku. Alikuwa mwoga, na hilo afadhali lisemwe mapema. Aliogopa kengele. Aliogopa viatu vya msimamizi, vilivyotembea bila sauti. Zaidi ya vyote alikiogopa kibao cha choo, kipande cha mbao kilichoning'inia ukutani, kimoja kwa watu arobaini, ambacho ukikaa nacho zaidi ya dakika tatu unaitwa kwenye kipaza sauti. Kwa hiyo alizoea kutokunywa maji mpaka jioni.

Jumatano moja tumbo lilimkata, na tumbo likikata halina uoga. Akachukua kibao. Njia ya chooni ilipita kwenye chumba cha mapumziko, chumba kizuri chenye mabenchi, birika kubwa, feni, na sheria ya saa za kazi imewekwa kwenye fremu ya kioo. Kilikuwa na kufuli, na kufuli lilifunguliwa siku za mkaguzi tu. Siku ile pazia la dirishani lilikuwa limeachia upenyo wa viganja viwili. Ilikuwa saa tatu na dakika tano. Ndani, wanawake arobaini walikuwa wakinywa chai.

Mama Kola aliwatambua wote. Mama Mikono alikuwa amemlalia Mama Pindo begani. Mama Mfuko alikuwa akisimulia jambo na kujipigapiga paja. Mwisho wa benchi, karibu na feni, alikaa yeye mwenyewe, amevua viatu, amenyoosha miguu, anapuliza chai. Mama Kola aliitazama miguu ile hasa, kwa sababu haikuwa imevimba, akasikia hofu ikimpanda kutoka visiginoni. Yule mwanamke akainua macho, akamwona, akasogea kidogo kwenye benchi ili kumpisha akae. Hapo kipaza sauti kikamwita, naye akarudi mbio kwenye cherehani bila kufika chooni.

"Nimejiona," alimwambia Mama Vifungo, jirani yake wa mkono wa kulia, aliyekuwa pale miaka ishirini na mmoja.

"Chumbani?" Mama Vifungo hakuinua kichwa.

"Chumbani. Nakunywa chai."

"Basi una nafuu. Wangu kazi yake kulala tu, mdomo wazi." Akakata uzi kwa meno. "Sasa unatetemeka nini? Saini si yako? Umeandika kwa mkono wako kwamba Jumatano saa tatu utapumzika. Ulitaka apumzike nani, msimamizi?"

"Na saa kumi?"

"Saa kumi wanatoka. Si umesaini kwamba unatoka?"

"Wanakwenda wapi?"

Mama Vifungo alianza tundu jingine la kifungo. "Shoga," alisema, "mtu akitoka kazini anakwenda wapi?"

Kola kumi na moja za Mama Kola zilirudishwa siku hiyo kwa kupinda.

Alipofika nyumbani jioni, mama yake alikuwa akiosha vyombo. "Umerudi tena?" akamwuliza. "Umesahau nini?" Binti alikuwa mezani na kitabu chake, nywele zimesukwa mistari sita iliyonyooka vizuri. Mama Kola hakuwa amemsuka tangu mwezi uliopita. Kila jioni alipanga kumsuka, na kila jioni usingizi ulimwangusha chanuo likiwa bado mkononi.

"Nani kakusuka?"

"Wewe."

"Saa ngapi?"

"Uliporudi. Mama jamani, mbona unaniuliza kama hukuwepo?"

Aliingia chumbani. Kitanda chake kilikuwa na joto. Mlango wa uani ulikuwa wazi, ukicheza taratibu ingawa hakukuwa na upepo. Akaufunga, akauegemezea kiti, kisha akakaa juu ya kiti hicho.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia kwake ikawa mpangaji. Saa kumi ilipogonga alimfuata yule mwanamke kwa mawazo huku kola zikipita chini ya sindano: sasa anavuka barabara, sasa anapiga hodi, sasa mtoto anamkimbilia. Daftari la shule likawa na saini ya mzazi kila siku, kwa mwandiko wake. Binti akajua kusoma maneno marefu. Kilichomtisha Mama Kola kuliko chochote ni kwamba yule mwanamke hakufanya baya lolote. Hakufoka, hakupiga, hakusinzia katikati ya hadithi. Alikuwa na subira, kwa kuwa alikuwa amepumzika.

"Mama, jioni mikono yako inakuwa migumu," binti alimwambia akiishikashika. "Ile ya mchana laini."

Alimpelekea Mama Vifungo maneno hayo, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumpelekea. Mama Vifungo alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya kitu anachokijua.

"Ndivyo inavyoanza," alisema. "Mimi siku hizi nabisha hodi kwangu. Mume wangu ananikaribisha vizuri tu, hana ubaya. Juzi ameniuliza nina watoto wangapi."

Mama Kola alicheka, kwa maana lilikuwa jambo la kuchekesha. Jioni ile alimkumbatia binti yake kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia. Alikuwa ameshaelewa kinachokuja. Angempoteza mtoto akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, bila ugomvi, bila hata mtu wa kumlaumu.

Jumatatu iliyofuata, zamu yake ilipofika, aliishika kalamu, akairudisha mezani.

"Umeruka mstari wako," alisema msimamizi.

"Sijaruka, bosi. Sisaini." Sauti ilimtoka nyembamba. "Sipumziki, kwa hiyo sisaini."

Msimamizi hakukasirika. Alikuwa mtu mwenye macho mekundu, aliyekula chakula chake amesimama, na simu ya wenye kiwanda ilipolia mfukoni mwake alishtuka kuliko wote. "Mama Kola," alisema, "nani kakudanganya kwamba kusaini maana yake umepumzika? Kusaini maana yake umesaini."

"Basi nipe mapumziko, nitasaini."

"Nikupe wewe, halafu kola zitoke wapi? Mashati yaende bila shingo?" Watu wakacheka, hata waliomhurumia. "Haya, acha wazi. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Jumanne alijikaza, akachukua kibao cha choo, akapita dirishani. Mwisho wa benchi, karibu na feni, palikuwa patupu, na hakuna mwenziwe aliyesogea kupajaza. Mama Kola alifurahi kwa muda wa hatua tatu. Hatua ya nne alikumbuka kwamba yeye mwenyewe bado alikuwa na kola mia mbili na themanini, na kwamba kumwondoa yule kwenye benchi hakukumweka yeye hapo.

Jioni alimkuta binti yake kwenye ngazi ya mlangoni, nywele zimefumuka, kitabu magotini. "Leo hukuja," mtoto alisema. "Na jana hukuja."

"Si huyu nimekuja?"

"Hukuja saa yako."

Jumatano alikuwa pale pale. Alhamisi mvua ilinyesha alasiri, na mtoto akakataa kuondoka kwenye ngazi, kwa kuwa mama yake angefika wakati wowote. Mama Kola alipofika saa mbili kasoro, kipaji cha binti kilichoma kama pasi. Bibi alikuwa akimkanda kwa kitambaa.

"Mwanangu, kama kazi imebadilika si useme," bibi alimwambia. "Mtoto amezoea kuwa na mama."

Mama Kola alitaka kusema kwamba mama ndiye huyu. Usingizi ulimchukua neno likiwa ulimini, ameketi, kijiko cha dawa mkononi, na bibi ndiye aliyekitoa kijiko vidoleni mwake na kumnywesha mtoto.

Ijumaa alikuja mkaguzi wa kazi. Hakuwa mtu mbaya. Soda aliyopewa aliikataa, na kila ukurasa wa daftari aliusoma kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye mstari mmoja mweupe, visanduku ishirini na vinne visivyo na kitu, akauliza huyu ni nani. Mama Kola akaitwa. Alisimama mbele yake akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Sipumziki, mheshimiwa," alisema. "Hakuna anayepumzika. Tunatoka saa moja na nusu jioni. Choo chenyewe tunakwenda kwa roho mkononi."

Mkaguzi aliandika kila neno. Kisha akaagiza chumba cha mapumziko kifunguliwe. Ilikuwa saa sita na robo. Ndani, wanawake thelathini na tisa walikuwa wakila, wamevua viatu, feni inawapuliza. Akawahoji mmoja mmoja, kwa upole, bila msimamizi kuwapo.

"Mnapata saa nzima ya chakula?"

"Tunapata."

"Na kutoka?"

"Saa kumi. Haijawahi kuzidi."

Hawakuwa wanasema uongo, na ndiyo maana nywele zilimsimama Mama Kola kule korido alikoambiwa asubiri. Nyuma yake cherehani thelathini na tisa zilikuwa zikinguruma, na mbele yake vijiko vilikuwa vikigonga sahani. Mkaguzi naye alisikia. Alisimama kati ya milango miwili, akatazama kulia, akatazama kushoto, akahesabu kwa kalamu hewani. Kisha akaandika: waliokuwa kwenye mapumziko, thelathini na tisa, waliokuwa kazini, arobaini pamoja na aliyelalamika, kiwanda kina wafanyakazi wa kutosha.

Alikuta kasoro mbili. Ya kwanza, mfanyakazi mmoja alikuwa amezembea kusaini. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na aliisemea kwa ukali mpaka msimamizi akainamisha kichwa: daftari halikuonyesha mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, wala siku ya mapumziko ya wiki. Sheria inayataka yote mawili. Safu hizo ziongezwe leo leo.

"Ahsante kwa kusema, mama," alimwambia Mama Kola akifunga mkoba wake. "Msiposema, sisi tutajuaje?"

Msimamizi alichora safu mpya kwa rula alasiri ile ile. Moja ilisomeka: mapumziko ya nyumbani, saa kumi alasiri hadi saa moja asubuhi. Nyingine ilisomeka: Jumapili. Alilileta daftari mwenyewe mpaka kwenye cherehani ya Mama Kola, akaliweka juu ya kola zake, na kalamu akaiweka juu ya daftari. Uzi wake alikuwa ameukata.

"Saini na siku zilizopita," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe una mtoto mgonjwa. Mimi nina simu mfukoni. Tusisumbuane."

Mama Kola alimtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo alikuwa akitazama tundu la kifungo. Akaifikiria ngazi ya mlangoni, na jinsi mtoto angeikalia tena Jumamosi, na Jumatatu, homa au si homa, akisubiri mtu wa saa kumi na nusu. Hofu aliyokuwa nayo juu ya yule mwanamke ilikuwa kubwa. Hofu ya ngazi ile ikaipita. Akasaini siku tano zilizopita na moja iliyobaki, mistari ya zamani na safu mpya. Wino wa siku zilizopita ulikauka haraka kuliko wa siku zijazo.

Saa moja na nusu alitoka. Njiani alikwenda mbio kadiri miguu ilivyoruhusu, halafu alipoiona nyumba alipunguza mwendo. Taa ilikuwa inawaka. Ngazi ilikuwa tupu na kavu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, naye, bila kujua kwa nini, akabisha.

Binti yake alifungua. Hakuwa na homa. Alikuwa amesukwa, amekoga, kinywa kina alama ya maziwa. Alimtazama yule mwanamke mlangoni, mgongo uliopinda, nyuzi nyeupe zilizonasa nywelini, macho yaliyoingia ndani, akamfanyia adabu kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema. Kisha akageuka. "Mama! Mama mkubwa amekuja!"

"Mkaribishe," ilijibu kutoka ndani sauti ya Mama Kola, ile aliyokuwa nayo kabla ya kuanza kiwanda. "Pole na kazi, dada."

"Nimeshapoa," alisema Mama Kola mlangoni, kwa sababu ndivyo mtu hujibu.

Safari hii yule mwanamke hakutoka kwa mlango wa uani. Aliandikiwa kukaa mpaka saa moja asubuhi, na alikaa. Alisogea kidogo kwenye kochi, kama alivyosogea kwenye benchi. Bibi alileta sahani, akamwekea mgeni kipande kikubwa. Mama Kola alimwuliza polepole kama mtoto hakuugua baada ya kunyeshewa Alhamisi.

"Anyeshewe wapi?" bibi alishangaa. "Mama yake alikuwa naye ndani. Wiki nzima hii karudi mapema, Mungu ambariki."

Hakuna aliyeikumbuka ngazi ila yeye. Alitandikiwa sebuleni. Ukutani, upande wa pili, alimsikia binti yake akisoma kwa sauti maneno marefu bila kukwama, na sauti yake mwenyewe ikimsifu. Alilia kwa kujibana asije akasikika, maana mgeni anayelia huwatia wenyeji wasiwasi. Mgeni siku mbili, wanasema, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alikuwa nalo tayari, na Jumapili lilimwita, kwa kuwa Jumapili ilikuwa imeshapumzikwa kwenye daftari na kiwanda hakikuona sababu ya kufunga.

Siku zile mbili alijifunza mambo ya nyumba ile. Alijua kwamba shule ya binti inafungwa saa tisa, na kwamba siku hizi bibi hamfuati tena, hivyo mtoto hukaa peke yake kwenye geti la shule mpaka mama yake atoke kazini saa kumi na kumpitia. Mtoto mwenyewe ndiye aliyemweleza, wakila. Alisema kuna mbwa pale getini, mkubwa, na kwamba yeye haogopi, akasema hivyo mara mbili.

Jumatatu, saa moja kasoro dakika ishirini, daftari lilikuwa mezani na kalamu imefungwa kwa uzi mpya. Mama Kola alisaini mara thelathini na moja. Alipomaliza hakuondoka. Nyuma yake foleni ilianza kuguna.

"Bosi, nina ombi," alisema. "Naomba uniandikie kutoka saa tisa badala ya saa kumi. Kwenye daftari tu. Mimi kola zangu nitazimaliza kama kawaida mpaka jioni. Ni kwa ajili ya mtoto, anakaa peke yake getini."

Msimamizi alimtazama kwa macho yake mekundu, na haikuonekana kama anamdhihaki. Alionyesha kwa kalamu upande wa chumba cha mapumziko, kwenye ile fremu ya kioo.

"Mama Kola, saa za kazi ni nane," alisema. "Ukitoka saa tisa utakuwa umefanya saba. Juzi tu mkaguzi katoka hapa. Unataka tuvunje sheria?"

Mama Kola alisema hapana, hakutaka hivyo. Akaenda kukaa, akatia uzi kwenye sindano, na kengele ikalia.